Vitegemezi vya Hiari Vinapokosekana kwenye Linux: Mwongozo Kamili

Programu imesakinishwa bila kulalamika na inafunguka vizuri, ila kazi moja tu haifanyi: haifungui faili za RAR, haichezi video ya mtandaoni, haisomi jedwali la Excel. Unasakinisha kifurushi ulichoona kikitajwa, unajaribu tena, na hali ni ile ile. Wengi hukwama hapo hapo.

Mara nyingi kifurushi chenyewe ni sahihi. Kosa ni kutojua programu hukitafuta kitegemezi chake cha hiari (kitu cha nje kinachoiongezea uwezo, ingawa yenyewe huwaka bila hicho) wakati gani. Zipo zinazokitafuta zinapokompailiwa (yaani zinapojengwa kutoka kwenye msimbo wa chanzo), zipo zinazokitafuta zinapowaka, na zipo zinazokitafuta pale tu unapobonyeza kitufe kinachokihitaji. Dawa ya kila kundi ni tofauti, na dawa ya kundi moja haiponyi lingine.

## Vitu vya kuandaa

- Terminali, na akaunti yenye ruhusa ya `sudo`.
- Orodha mpya ya vifurushi. Debian na Ubuntu: `sudo apt update`. Fedora: `sudo dnf makecache`. openSUSE: `sudo zypper refresh`. Kwenye Arch tumia `sudo pacman -Syu`. Usiishie kwenye `-Sy` kisha ukasakinisha kifurushi kimoja, kwani Arch haihimili mfumo uliosasishwa nusu nusu, na maktaba zitaanza kugombana.
- Kifurushi cha `strace`, kinachoonyesha faili ambazo programu inajaribu kuzifungua. Kwenye Debian na Ubuntu ongeza `apt-file`, ya kutafuta kifurushi chenye faili fulani, halafu `sudo apt-file update`.
- Jaribio dogo linaloshindwa kila mara: faili moja, amri moja. Bila hilo hutajua kama umerekebisha kitu au umebahatisha.

## Hatua ya 1: Ifanye programu iseme

Ukiifungua programu kwa kubofya ikoni, malalamiko yake huishia mahali usipopaona. Ifungue kutoka terminali, na uilazimishe itumie Kiingereza ili maneno ya kosa yafanane na yale yaliyomo kwenye nyaraka zake. Mfano wetu ni mpv, kichezaji cha video:

```
LC_ALL=C mpv kiungo-cha-video
```

Kama ni huduma inayoendeshwa na systemd (msimamizi wa huduma za mfumo), soma `journalctl -u jina-la-huduma -b`.

Yafuatayo ni maneno yanayojitokeza sana na maana yake:

- `command not found`, au `not found or not enough permissions`: inatafutwa programu nyingine ya kuitwa. mpv husema hivi inapomkosa yt-dlp, chombo cha kupata video za mtandaoni.
- `ModuleNotFoundError: No module named ...`: moduli ya Python haipo mahali Python hiyo inapoangalia.
- `Missing optional dependency 'openpyxl'`: huyu ni pandas (maktaba ya Python ya majedwali), muungwana kuliko wengi, maana anataja jina kamili.
- `no decode delegate for this image format`: ImageMagick (chombo cha kubadilisha picha) haina kisomaji cha aina hiyo ya picha.
- `error while loading shared libraries`: hiki si kitegemezi cha hiari. Ni maktaba ya lazima na usakinishaji umeharibika. Itengeneze kwanza kwa `sudo apt -f install`, au sakinisha kifurushi upya.

Tahadhari moja kuhusu ImageMagick. Ukiona `not allowed by the security policy` unapobadilisha PDF, usisakinishe chochote. Kilichokuzuia ni faili ya `policy.xml`, iliyo ndani ya `/etc/ImageMagick-6/` kwa matoleo ya 6. Wapo wanaoisakinisha Ghostscript (ambayo ImageMagick huitumia kusoma PDF) mara tatu wakipambana na kosa hili, na Ghostscript yao haina tatizo lolote.

Umefaulu ukiwa na: ujumbe mmoja unaotaja jina la kitu. Programu ikishindwa kimyakimya, ruka hadi sehemu ya strace, kisha urudi.

## Hatua ya 2: Jua programu yako inaishi wapi

```
command -v mpv
readlink -f "$(command -v mpv)"
flatpak list --app
snap list
```

Flatpak na Snap ni njia za kusakinisha programu zikiwa zimetengwa na mfumo. Programu ya Flatpak haioni vifurushi ulivyosakinisha kwa apt au dnf, kwa sababu ina mfumo wake wa faili. Snap yenye kifungo kamili ni vivyo hivyo. Unaweza kujaza diski nzima kwa vifurushi na isivione hata kimoja. Kwa Flatpak, nyongeza huja kama viendelezi vya Flatpak yenyewe. Kama hakuna kiendelezi kinachofaa, sakinisha toleo la distro yako (aina yako ya Linux, kama Debian au Fedora) badala ya lile la Flatpak.

Kwa programu za Python, angalia pia mstari wa kwanza wa skripti:

```
head -1 "$(command -v jina-la-programu)"
```

Ukiona njia ya saraka ya nyumbani, mfano `.../.local/share/pipx/...` au `.../venv/bin/python`, basi programu hiyo ina Python yake ya faragha, iliyowekwa na pipx au ndani ya mazingira pepe (venv).

## Hatua ya 3: Uliza inatafutwa wakati gani

Usiipite hatua hii kwa haraka.

Wakati wa kukompailiwa. Uwezo huamuliwa siku programu inajengwa. Kama mjenzi hakuuwasha, hakuna kifurushi cha pembeni kitakachouongeza. Programu nyingi hukiri zenyewe:

```
vim --version | grep clipboard
ffmpeg -hide_banner -buildconf
curl --version
```

Vim, kihariri cha maandishi, ndiyo mfano unaosumbua watu kuliko yote. Ukiona `-clipboard` yenye alama ya kutoa, hata ukisakinisha `xclip` (chombo cha ubao wa kunakili) mara kumi hutaweza kunakili kutoka Vim hadi kivinjari. Dawa ni kubadilisha kifurushi chenyewe: `vim-gtk3` kwenye Debian na Ubuntu, `gvim` kwenye Arch, na `vim-X11` kwenye Fedora, ambacho huleta amri ya `vimx`. Neovim ni kinyume chake. Yenyewe huita programu ya nje, kwa hiyo `xclip` kwa X11 au `wl-clipboard` kwa Wayland (mifumo miwili ya kuonyesha madirisha) inatosha, na `:checkhealth` itakuonyesha kama imeiona. Programu ni ndugu, tatizo ni moja, ila dawa ni mbili.

Wakati wa kuwaka. Programu hukagua kilichopo mara moja inapoanza, kisha hukumbuka jibu. Programu-jalizi nyingi na viendelezi vya PHP viko kundi hili. Ukishasakinisha lazima uiwashe upya.

Wakati wa kutumika. Programu huita chombo cha nje au huingiza moduli pale inapoihitaji. Hili ndilo kundi rahisi: sakinisha, jaribu tena.

Umefaulu ukiweza: kusema kwa sentensi moja, "Programu hii inatafuta kitu fulani wakati fulani." Kama ni kundi la kwanza na distro haina kifurushi mbadala, nenda moja kwa moja hatua ya 7.

## Hatua ya 4: Soma orodha iliyoandikwa na watunza vifurushi

Jina la kifurushi usilikisie. Distro tayari imeliandika, ila kila familia ina msamiati wake.

Debian na Ubuntu

```
apt-cache show mpv | grep -E '^(Recommends|Suggests):'
```

`Recommends` ni vile ambavyo mtumiaji wa kawaida atavihitaji, na apt huvisakinisha yenyewe isipokuwa imekatazwa. `Suggests` havisakinishwi. Hapo ndipo vitegemezi vingi vya hiari hujificha. Hakiki kama mfumo wako umekatazwa:

```
apt-config dump | grep -i install-recommends
```

Ukipata `"0"` au `"false"`, kuna mtu aliyeizima kwenye `/etc/apt/apt.conf` au `/etc/apt/apt.conf.d/`, na huenda ndiyo sababu ya shida zako zote.

Fedora na jamaa zake

```
dnf repoquery --recommends mpv
dnf repoquery --suggests mpv
```

Mpangilio ni ule ule: cha kwanza husakinishwa, cha pili hapana. Swichi ni `install_weak_deps` ndani ya `/etc/dnf/dnf.conf`.

openSUSE

```
zypper info --recommends mpv
```

Swichi yake ni `solver.onlyRequires` kwenye `/etc/zypp/zypp.conf`. openSUSE ina amri moja ambayo wengine wangestahili kuiiga: `sudo zypper install-new-recommends` hupitia vilivyosakinishwa na kuongeza mapendekezo yaliyokosekana. Soma orodha yake kabla ya kukubali, inaweza kuwa ndefu.

Arch

```
LC_ALL=C pacman -Qi mpv
```

Tazama sehemu ya `Optional Deps`. Kila mstari una jina na sababu, na kilichopo tayari kina alama ya `[installed]`. Pacman haisakinishi hata kimoja kati ya hivi. Huvitaja tu wakati wa usakinishaji, maandishi yanapita haraka, na watu hawasomi. Ndiyo maana mtu anayehama kutoka Ubuntu kwenda Arch hudhani programu zake zimeharibika.

Ukiwa na jina la faili lakini hujui kifurushi chake:

```
apt-file search bin/yt-dlp
dnf provides '*/bin/yt-dlp'
cnf yt-dlp
sudo pacman -Fy && pacman -F yt-dlp
```

Hizo ni za Debian, Fedora, openSUSE na Arch, kwa mfuatano huo.

## Hatua ya 5: Sakinisha kwa jina, na uweke alama sahihi

Kitaje kifurushi kwa jina lake badala ya kuiwasha swichi ya kuleta kila kinachopendekezwa. `--install-suggests` ya apt hasa iogope. Hufuata mapendekezo ya mapendekezo, na ombi la kifurushi kimoja huweza kuburuta mamia. Jaribu bila kutekeleza kwanza:

```
apt-get -s install yt-dlp
```

Kisha alama. Ukitaja kifurushi kwa jina, mfumo huandika kwamba wewe mwenyewe ulikitaka. Baada ya miezi sita, ukiondoa programu kuu, kitabaki bila kazi na hakuna kitakachokukumbusha. Arch ina njia safi zaidi:

```
sudo pacman -S --asdeps yt-dlp
```

Kama ulishakisakinisha bila alama, `sudo pacman -D --asdeps yt-dlp` inasahihisha. Programu kuu ikiondolewa, kitajitokeza kwenye `pacman -Qdt`. Angalia idadi ya herufi `t`: moja huwaacha wanaotegemewa kwa hiari, mbili (`-Qdtt`) huwaorodhesha nao. Skripti ya usafi yenye `t` mbili itakufutia kila ulichosakinisha leo.

Kwenye Debian na Ubuntu, baada ya kusakinisha:

```
sudo apt-mark auto yt-dlp
```

Fanya hivi tu kama kifurushi kimetajwa kwenye `Recommends` au `Suggests` ya kingine kilichopo. Vinginevyo `apt autoremove` ijayo itakiondoa. Ndani ya kontena za Debian usifanye kabisa kwa kitu cha `Suggests`: picha rasmi (violezo ambavyo kontena huanzishwa navyo) zina mpangilio wa `docker-autoremove-suggests`, unaofanya apt isikihesabu kitu hicho kuwa kinahitajika.

## Hatua ya 6: Iamshe programu, futa kumbukumbu zake za zamani

Kifurushi kipo, kundi ni sahihi, na bado. Sasa shuku kumbukumbu.

Funga programu kabisa. Kufunga dirisha peke yake hakutoshi, kwani baadhi hubaki nyuma ya pazia. Hakiki kwa `pgrep -a jina`. Huduma ziwashe upya kwa `sudo systemctl restart`. Kwa PHP, kumbuka kwamba `php -m` inaonyesha viendelezi vya PHP ya terminali, wakati tovuti yako inaendeshwa na php-fpm ambayo haijawashwa upya tangu juzi.

Sheli nayo hukumbuka njia za amri. `hash -r` huisahaulisha.

Picha ndogo za kidhibiti faili zina mtego wake. Kidhibiti kikishindwa kutengeneza picha ya video, huandika kushindwa huko ndani ya `~/.cache/thumbnails/fail` na hakijaribu tena. Unasakinisha `ffmpegthumbnailer`, unafungua saraka ile ile, hakuna kitu. Futa saraka hiyo ya `fail`, kisha fungua upya.

GStreamer, mfumo wa kuchezesha sauti na video, huweka orodha ya programu-jalizi zake ndani ya `~/.cache/gstreamer-1.0/`. Kwa kawaida huisasisha yenyewe. Ikikataa, futa faili ya `registry` iliyomo kisha uhakiki kwa `gst-inspect-1.0 avdec_h264`. Likirudi jibu refu la maelezo, kifunguzi cha H.264 kimepatikana.

Mwisho, huduma ya systemd haina `PATH` yako. Chombo ulichoweka kwenye `~/.local/bin` utakiona wewe, huduma haitakiona. Kiweke `/usr/local/bin`, au andika njia kamili kwenye mipangilio.

Umefaulu ukiona: jaribio lile dogo la mwanzo linapita, mara mbili mfululizo, baada ya programu kuwashwa upya.

## Python inahitaji uangalifu wake

Jina unaloliingiza kwenye msimbo si lazima liwe jina la kifurushi. `import yaml` ni PyYAML, na kifurushi chake ni `python3-yaml` kwenye Debian, `python3-pyyaml` kwenye Fedora, `python-yaml` kwenye Arch. `import PIL` ni Pillow. `import socks` ni PySocks, ambayo ndiyo requests huililia inaposema `Missing dependencies for SOCKS support`. Usikurupuke na `pip install` ya jina uliloliona kwenye kosa, maana kwenye PyPI, ghala ambalo pip huchukulia vifurushi, jina hilo linaweza kuwa la kitu kingine kabisa, hata cha hatari.

Fuata kanuni hii: moduli iwekwe na chombo kile kile kilichoweka programu. Programu ya apt, moduli ya apt. Programu ya pipx, `pipx inject jina-la-programu openpyxl`. Ndani ya mazingira pepe, pip ya mazingira hayo:

```
./venv/bin/python -m pip install 'requests[socks]'
```

Alama za nukuu ni muhimu. Sheli ya zsh huyachukulia mabano ya mraba kuwa ni kiolezo cha majina ya faili, na hukujibu `no matches found`.

Tangu Debian 12 na Ubuntu 23.04, pip hukataa kugusa Python ya mfumo kwa ujumbe wa `externally-managed-environment`. `--break-system-packages` inafanya kile hasa jina lake linachosema. Iache.

Toleo la zamani mno pia huhesabiwa kuwa halipo. pandas hutaja toleo la chini analolikubali na lile alilolikuta. Hakiki unalipata wapi:

```
python3 -c "import openpyxl; print(openpyxl.__version__, openpyxl.__file__)"
```

## Programu ikikaa kimya: strace

```
strace -f -e trace=%file -o /tmp/nyayo.txt jina-la-programu faili-ya-jaribio
grep ENOENT /tmp/nyayo.txt | tail -60
```

`ENOENT` maana yake faili haikupatikana. Usitishwe na wingi wake, ni kawaida kila amri kutafutwa saraka moja baada ya nyingine kwenye `PATH`. Unachotafuta ni jina lililokosekana kila saraka, karibu na mwisho, kwa mfano `unrar` chini ya `/usr/local/bin`, kisha `/usr/bin`, kisha `/bin`, halafu kimya. Chukua jina hilo urudi nalo hatua ya 4.

`ldd` haitakusaidia hapa. Huonyesha maktaba zilizofungwa kwenye programu tangu ilipojengwa, na kitegemezi cha hiari mara nyingi huitwa programu ikiwa tayari inaendeshwa.

## Hatua ya 7: Unapojenga mwenyewe kutoka kwenye chanzo

Hatari ya kujenga ni kwamba kukosa kitu cha hiari si kosa. Kijenzi huandika `no`, kinaendelea, kinamaliza kwa furaha, na programu inatoka pungufu. Python yenyewe hufanya hivi: ukiijenga bila vichwa (faili za maelezo ambazo kikompaili huzihitaji) vya libffi, itakwambia ujenzi umekamilika, na mahali fulani kwenye maandishi kutakuwa na `The necessary bits to build these optional modules were not found`. Utakuja kulia baadaye na `No module named '_ctypes'`. Kwa Debian, sakinisha hivi kabla ya kuanza: `libffi-dev libssl-dev libsqlite3-dev libbz2-dev liblzma-dev libreadline-dev zlib1g-dev`.

1. Weka vichwa, siyo maktaba tu. Debian huvitenga kwenye kifurushi kinachoishia `-dev`, Fedora `-devel`. Arch huviweka pamoja na maktaba. Hakiki:

```
pkg-config --exists --print-errors libwebp && echo ipo
```

2. Geuza hiari kuwa lazima. Kwa Meson (chombo cha kuandaa ujenzi, kama CMake), `meson setup build -Dauto_features=enabled` husimamisha ujenzi kwa kila kinachokosekana, nawe unazima kimoja kimoja usichokitaka. Kwa `./configure`, taja wazi `--with-jina`, na skripti nyingi zitakataa kuendelea kikikosekana. Orodha iko kwenye `./configure --help`.

3. Anza na saraka safi. CMake huhifadhi majibu ya ukaguzi wake ndani ya `CMakeCache.txt`, na baadhi ya majibu hayo huyashikilia hata baada ya wewe kusakinisha kilichokosekana. Futa saraka ya `build`, au tumia `cmake --fresh -B build` kuanzia toleo la 3.24. Meson: `meson setup --wipe build`.

4. Soma muhtasari kabla ya `make`. Dakika moja ya kusoma mistari ya mwisho ya maandalizi inaokoa saa nzima ya kujenga tena. Kama jibu ni `no` na una hakika kifurushi kipo, fungua `config.log` utafute jina lake. Kosa halisi la kikompaili limo humo.

Kwenye Gentoo kazi hii ni ya bendera za `USE`, zinazochagua uwezo utakaojengwa: badilisha bendera, kisha `emerge --ask --newuse` kwa kifurushi husika.

## Seva na picha za kontena

Hapa kuzima mapendekezo ni jambo la busara, `apt-get install --no-install-recommends` hupunguza ukubwa na idadi ya vitu vya kusasisha. Ila ukizima, orodha inakuwa jukumu lako. Cha kwanza kusahaulika ni `ca-certificates`: curl inasakinishwa, inawaka, kisha kila anwani ya https inakataliwa kwa kosa la cheti. Kiandike kwa jina kwenye Dockerfile karibu na curl, na uongeze chini yake mstari wa kujaribu, mfano `RUN curl -fsSI` ukifuatiwa na anwani unayoitegemea, ili pengo lijulikane picha inapojengwa na siyo usiku huduma ikiwa hewani.